Bajeti Inapopunguzwa, Nani Huziba Pengo?



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husimama bungeni na kusoma bajeti ya Serikali. Siku hiyo redio huwashwa karibu kila nyumba. Baba huketi sebuleni akisubiri kusikia bia na sigara zimepanda kwa kiasi gani. Sisi tuko jikoni, mwiko mkononi, tumetega sikio kwa habari za sukari, mafuta na nauli. Yakishasomwa ya kodi, redio huzimwa na kila mtu hurudi kwenye shughuli zake.

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya upande wa pili wa bajeti, ule ambao wengi wetu hatuusikilizi. Kodi inapoongezwa hutangazwa, na kesho yake tunaiona dukani. Lakini fedha za zahanati, za shule, za maji au za kuwasaidia wasiojiweza zinapopunguzwa, hakuna anayetupigia mbiu. Tunagundua siku tuliyombeba mtoto mgongoni hadi zahanati, tukaambiwa dawa hakuna, tukanunue nje. Wakati huo Juni imekwisha kupita, na hatukumbuki kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Tuanze na mfano wa nyumbani. Baba akipunguza fedha ya matumizi kwa nusu, je, watoto wataacha kula nusu ya chakula? Hapana. Chakula kitapikwa vilevile. Mama atakwenda kuchuma mboga badala ya kununua nyama, atatembea hadi soko la mbali lenye bei nafuu, atakopa kwa jirani, na yeye mwenyewe atajipakulia mwisho kilichobaki sufuriani. Baba akitazama mezani ataona mambo yanakwenda, na pengine atasema, "Kumbe fedha ile ilikuwa nyingi mno!" Hajui kwamba pengo limezibwa kwa miguu na tumbo la mkewe.

Hivyo ndivyo inavyokuwa pia taifa linapokata fedha za huduma za jamii. Mgonjwa habaki bila muuguzi. Muuguzi wake anakuwa mama, dada au bibi. Katika vitabu vya hesabu inaandikwa kwamba fedha zimeokolewa. Kwa kweli zimehamishiwa kwetu, na sisi hatulipwi wala hatuandikwi.

Wale wa rika letu hawahitaji kusimuliwa sana, maana tuliyaona. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi yetu ilijitahidi kupeleka shule na zahanati hadi vijijini. Karo ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu watoto wote wa umri wa shule walikuwa wameandikishwa. Hospitali za Serikali hazikutoza malipo. Huku kwetu tulikuwa na neema nyingine juu ya hiyo: hospitali za makanisa kama Machame, Kilema na Kibosho, na tangu mwaka 1971 KCMC pale Moshi. Tulikuwa pia na kahawa. Chama chetu cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa kimesaidia kusomesha watoto wengi wa wakulima kwa fedha ya kahawa.

Kisha mambo yakageuka. Bei ya mafuta ilipanda, vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ikala akiba, na maduka yakawa matupu. Mwaka 1984 Serikali iliondoa ruzuku ya unga wa sembe. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kufuata mpango wa kurekebisha uchumi, na moja ya masharti ya mipango ya namna hiyo ni Serikali kubana matumizi yake. Wafanyakazi wengi walipunguzwa kazini. Michango ya shule ilirudi. Mwaka 1993 hospitali za Serikali zilianza kutoza malipo chini ya jina jipya ambalo sote tulilizoea upesi: kuchangia gharama.

Huku mlimani pigo lilikuja mara mbili. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Miaka michache baadaye ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa hatua kwa hatua. Wazee wetu wakatazama mibuni inayohitaji mbolea na mrututu, wakatazama bei, wakakunja mikono. Wengine waling'oa.

Hapa tunaomba tutazame kwa makini, kwa sababu ndipo kiini kilipo. Katika kihamba cha Mchagga, kwa desturi, kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi, maziwa na mboga vilikuwa vya mama. Karo na matibabu makubwa vililipwa kwa kahawa. Chumvi, sabuni na mafuta ya taa vililipwa kwa ndizi. Kahawa ilipoanguka, karo haikuanguka nayo. Ilihamia kwenye ndizi. Hospitali nayo ikahamia kwenye ndizi. Ndiyo maana katika miaka ile barabara za kushuka Mwika, Marangu Mtoni, Kiboriloni na Mbuyuni zilijaa akina mama wenye mikungu kichwani kuliko wakati mwingine wowote tunaoukumbuka. Desturi haikubadilishwa na mkutano wowote. Mzigo ulihama wenyewe, usiku, kama maji ya mfereji yanavyohama mtu akiziba njia ya juu.

Tunamkumbuka jirani yetu mmoja wa upande wa Vunjo, ambaye hatutamtaja jina. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda mjini Moshi, akapunguzwa mwaka 1994, akarudi nyumbani na bahasha ndogo na ukimya mkubwa. Mama huyu alikuwa mjamzito wa mtoto wa 4. Kwa utaratibu uliowekwa, mama mjamzito hakutakiwa kulipia kujifungua. Lakini alipokwenda kliniki alipewa orodha ya vitu vya kuja navyo: glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kutandika kitandani. Wauguzi hawakuwa wabaya. Stoo yao ilikuwa tupu. Aliuza mbuzi.

Alijifungua salama, akarudi nyumbani siku hiyohiyo kwa sababu vitanda havikutosha. Zamani, kama mjuavyo, mzazi wa Kichagga alikaa ndani hata miezi 3, akilishwa mtori na maziwa, hagusi jembe. Yeye alikaa wiki 2. Mama mkwe wake alikuwa amelala, anaumwa, naye alihitaji kugeuzwa na kulishwa. Ng'ombe alihitaji majani, na majani yako tambarare, mwendo wa saa kadhaa kwenda na kurudi, mzigo kichwani. Basi binti yake wa kwanza, aliyekuwa darasa la 5, aliambiwa abaki nyumbani mwezi mmoja amsaidie. Mwezi ukawa muhula. Alirudi shuleni, akamaliza la 7 kwa kusuasua, na hakuendelea. Kaka yake aliyemfuata aliendelea na sekondari.

Miaka mingi baadaye tulimwuliza mama yule, bila kumlaumu, ilikuwaje akamwachisha binti na si mvulana. Alikaa kimya kidogo, akasema: "Hakuna aliyeniambia nimwachishe. Nilihesabu tu."

Maneno hayo yametukaa moyoni. Hakuna waziri aliyeandika katika bajeti kwamba binti wa darasa la 5 aache shule. Kiliandikwa kitu kingine kabisa, huko mbali, kwa nia ambayo huenda ilikuwa njema. Lakini tarakimu zile zilishuka ngazi kwa ngazi, kutoka wizarani hadi mkoani, kutoka mkoani hadi zahanati, na zilipofika mlangoni mwa mama yule hapakuwa na ngazi nyingine chini yake ila mtoto wa kike.

Wala hakuwa peke yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, uandikishaji wa shule za msingi nchini ulikuwa umeshuka hadi chini ya asilimia 80. Kwamba sababu kubwa ilikuwa fedha, tuliliona ada ilipofutwa. Serikali ilipoondoa ada ya shule ya msingi, mpango ulioanza kutekelezwa mwaka 2002, watoto walifurika madarasani. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000 walizidi milioni 7 mwaka 2004. Watoto wale hawakuzaliwa siku moja. Walikuwapo majumbani, wanachunga, wanauza karanga, wanalea wadogo zao.

Tusiwe watu wa upande mmoja. Serikali haiwezi kutoa isichokuwa nacho, kama vile mama hawezi kupakua ugali ambao haukupikwa. Tunakumbuka pia kwamba katika miaka ya mwisho ya matibabu ya bure, mara nyingi kilichokuwa bure ni kuandikiwa cheti tu, dawa hazikuwapo. Wapo waliosema kwamba tukichangia kidogo, dawa zitapatikana, na mahali pengine zilipatikana. Swali letu si kama kubana matumizi kunaweza kuwa lazima. Linaweza kuwa lazima. Swali letu ni hili: kabla ya kukata, je, kuna aliyeuliza pengo litazibwa na nani?

Swali hilo halikuanzia kwetu. Mwaka 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitoa uchunguzi ulioonya kwamba mipango ya kurekebisha uchumi inawaumiza watoto na maskini, na kwamba inapaswa kufanywa kwa utu. Hapa nchini, Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanzishwa mwaka 1993, ulianza mwaka 1997 kazi ya kuichambua bajeti kwa jicho la mwanamke. Wala jambo hili si la nchi maskini tu. Uingereza ilipokata misaada ya familia tangu mwaka 2010, hesabu zilizofanywa na maktaba ya bunge lao zilionyesha kwamba katika kila pauni 100 zilizookolewa kwa kubadilisha kodi na misaada hiyo, kama pauni 86 zilitoka kwa wanawake. Wenzetu wale wana umeme, mabomba na shule za chekechea, na bado mzigo ulipita milango yote ukatua jikoni.

Tukitaka kupima madhara ya makato, basi, tutazame sehemu 4.

Ya kwanza ni mfuko. Ni shilingi ngapi zinazotoka sasa ambazo zamani hazikutoka: dawa, madaftari, michango, nauli ya kwenda hospitali ya mbali kwa kuwa ya karibu haina kipimo?

Ya pili ni saa. Bomba la kijiji likikosa fundi, nani anateremka bondeni na ndoo? Mgonjwa akiruhusiwa mapema, nani anakesha? Saa hizi haziandikwi popote, lakini zina mwisho. Siku haikuongezwa hata dakika moja.

Ya tatu ni mwili. Mama anayejipakulia mwisho, anayerudi shambani kabla ya nguvu kurudi, anayeacha kwenda kliniki ili nauli itoshe kumpeleka mtoto, analipa bajeti kwa damu yake. Deni hilo hudaiwa baadaye, kwa mgongo, kwa kizazi, kwa shinikizo la damu.

Ya nne ni binti. Akishaishiwa mfuko, saa na nguvu, mama hugeuka nyuma, na anayemwona amesimama pale ni mtoto wake wa kike.

Mtasema haya ni ya zamani. Tazameni ya karibu. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima ili kurekebisha utaratibu, kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudishwi na vikundi hewa vilikuwa vimeingia. Ilirejeshwa mwaka 2024. Kurekebisha kulikuwa haki kabisa. Lakini kikundi cha kweli, chenye akina mama waliolipa kila mwezi bila kukosa, nacho kilisimama zaidi ya mwaka kwa kosa la kikundi hewa. Aliyetegemea mkopo kununua vifaranga au cherehani alikwenda wapi? Wengine walikwenda kwa wakopeshaji wa mitaani, wale ambao riba yao humla mtu usingizini.

Na mwezi Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nchi yake kwa nchi za nje, na shirika lao la misaada, USAID, lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI nchini mwetu ilijengwa kwa fedha hizo tangu mpango wa PEPFAR ulipoanzishwa mwaka 2003. Miradi ilisimama ghafla na watumishi wakapoteza kazi, wakiwamo wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu dawa. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 5.6 ya wanawake wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi, na wanaume asilimia 3. Kwa hiyo mkasi ulikatwa ng'ambo ya bahari, lakini tunajua kitambaa kilikuwa cha nani. Na mhudumu yule asipopita tena, atakayemkumbusha mgonjwa dawa ni mama yake au bibi yake.

Tufanye nini basi? Kulalamika kisimani hakujazi ndoo. Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, twende kwenye mikutano. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila miezi 3, na hapo mapato na matumizi husomwa. Mara nyingi sisi huwaachia wanaume kwa kuwa tuna majani ya ng'ombe. Tupeane zamu: wawili wakate majani ya watano, watatu wakae mkutanoni. Mipango ya kijiji na kata huandaliwa miezi mingi kabla ya Juni. Anayesubiri redio amechelewa.

Pili, tuandike. Kila kikundi cha akina mama kiwe na daftari moja. Kwa mwezi mmoja tuandike: nani alikwenda zahanati, alipewa nini, aliambiwa anunue nini, alitumia saa ngapi. Diwani anaweza kubishana na kilio. Ni vigumu kwake kubishana na kurasa 30 zenye tarehe.

Tatu, tuzijue haki zetu. Huduma za mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 zimewekewa msamaha katika vituo vya Serikali, na pia wazee wasio na uwezo. Asiyejiweza ana haki ya kumwona ofisa ustawi wa jamii. Tuulize pia juu ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023. Tuulize kabla hatujaugua.

Nne, tuwe na mfuko wetu wa dharura, mbali na upatu wa kawaida. Lakini tuseme ukweli: mfuko huu ni mwavuli, si paa. Tusikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa akina mama wana VICOBA, basi zahanati inaweza kubaki bila dawa.

Tano, tuzungumze na baba wa nyumba. Si kwa ugomvi. Tumwonyeshe daftari. Wanaume wengi hawajui mzigo ulihama, kwa sababu hawakuuona ukihama. Kumbukeni kwamba baba aliyepunguzwa kazi naye ameumia, na mara nyingi anatafuta kitu cha kufanya chenye heshima. Kumgeuza mama yake mgonjwa kitandani ni kazi yenye heshima. Kumfundisha kijana wa kiume kuteka maji ni kazi yenye heshima.

Na sita, mama akishahesabu na kuona hazitoshi, ahesabu tena kabla hajamgeukia binti. Aje kwetu kwanza, aje kwa kikundi, aje kwa wazee wa usharika au wa jumuiya. Tukimwacha ahesabu peke yake, jibu litakuwa lilelile la mwaka 1994.

Jirani yetu yule sasa ni bibi. Binti yake aliyeacha masomo ni mama wa makamo, anauza ndizi Mwika siku za soko, mwanamke hodari ambaye hakosei chenji. Mwanawe wa kike yuko kidato cha 3 katika shule ya kata, ambako ada iliondolewa tangu mwaka 2016 ingawa michango haikosi. Tulipokutana naye sokoni hivi karibuni alitueleza hayo kwa furaha, kisha akapanga upya ndizi zake, akauliza: "Na wakipunguza tena?"

Hatukuwa na jibu la kumpa pale sokoni. Tulimwomba tu aje kwenye mkutano wa kijiji unaofuata, na alikuja. Alikaa mbele, na daftari alikuwa nalo.